Usiguse Ilitunyima Mengi

Kuna neno nimelichukia tangu nikiwa mtoi: USIGUSE. Kama ulisoma shule zetu unajua vile ziara ya makumbusho huwa inaenda. Mnashuka basi, mnapangwa laini mbili, mikono nyuma. Mnapita kioo cha kwanza, mnapita cha pili, mnaandika vitu kwa daftari bila kuviangalia, halafu mnaenda kula mkate na soda kwa nyasi. Ukiniuliza nilijifunza nini siku hiyo, nakumbuka soda.

Kwa hivyo sista aliposema twende makumbusho ya reli hapa Nairobi na mtoto wake, nilimwambia nina video ya kuhariri. Nilikubali tu kwa sababu Guka alikuwa anakuja, na Guka siku hizi hatoki nyumbani ovyo.

Wacha niwape hali ilivyokuwa. Mpwa wangu, tumwite Junia, ana miaka tisa, yuko Gredi ya 4. Kusoma kunamsumbua. Herufi anazijua lakini zikikaa pamoja zinamchanganya, na mwalimu wake ameshasema ni "mzito" na anataka arudi Gredi ya 3. Nyumbani hiyo stori imeleta baridi. Mathe anataka tuisheni, sista analia usiku akidhani hatusikii, na kila mara neno shule likitajwa, macho yanageuka kwangu pole pole. Niliacha chuo mwaka wa pili. Kwa hivyo mimi ndio ule mfano wa "unataka awe kama mjomba wake?" Nimezoea. Junia hajazoea.

Sasa, makumbusho ya reli si makumbusho ya watoto. Yalifunguliwa 1971, enzi za East African Railways, na yako karibu na stesheni ya zamani mjini. Lakini injini zenyewe ziko nje uwanjani, chuma kitupu kwa jua, na unapanda. Unaingia pale dereva alikuwa anasimama. Unashika mikono ya chuma, unavuta, mingine imekwama, mingine inalia kwiii. Junia alisimama kwanza akaniangalia, mikono nyuma, vile amefunzwa. Nikamwambia panda. Akauliza, "Nani amesema?" Hiyo iliniuma kidogo.

Injini tuliyokaa nayo sana ni ile kubwa, namba 5918, inaitwa Mount Gelai. Iliundwa Manchester miaka ya 1950 na kampuni ya Beyer, Peacock, na uzito wake ni kama tani 250. Zilikuwa 34 za aina hiyo, zote zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na zilikuwa zinavuta mizigo kutoka Mombasa, baharini kabisa, hadi huku juu. Mimi hayo nimeyajua baadaye. Guka aliyajua kwa mwili.

Mnaona, Guka alisoma hadi darasa la saba akaingia reli kuosha injini. Alitoka kuosha akawa fayamani, yule wa kuangalia moto. Hii tulikuwa tunaijua kijuu juu, vile unajua mzee wako "alifanya reli". Kile hatukujua ni kwamba ukimweka ndani ya ile injini, mzee wa kuongea kuhusu mvua na bei ya unga ataongea saa nzima bila kukohoa.

Junia alianza kwa kuuliza makaa yalikuwa yanaingia wapi. Guka akacheka. Akasema hizi hazikuwa za makaa, zilichoma mafuta, mafuta meusi mazito, na kazi yake haikuwa kubeba koleo kama kwenye katuni. Kazi ilikuwa kuwianisha mafuta, hewa na maji, na jicho lisitoke kwa kile kioo kidogo kinachoonyesha maji ya boila. Maji yakishuka sana, juu ya tanuri chuma kinabaki wazi kwa moto, na boila inaweza kupasuka. "Ukisinzia, mnakufa wawili," akasema, "wewe na dereva." Halafu akatuonyesha pale alikuwa anarusha mchanga. Mchanga! Masizi yakijaa kwa mabomba ya ndani, unarusha mchanga kwa tanuri, moto unauvuta hadi ndani ya mabomba, unayakwangua, na moshi mweusi tii unatoka juu. Akina mama waliokuwa wameanika nguo kando ya reli walikuwa wanawatukana kwa lugha zote. Sista alicheka hadi akakaa chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ile barua ya shule.

Junia akashuka kuhesabu magurudumu. Alihesabu upande mmoja akigusa kila moja: makubwa manane, madogo sita. Kumi na nne. Akarudi akasema, "Ni ishirini na nane." Guka akamuuliza amejuaje na hajafika upande ule mwingine. Akajibu kama anayeshangaa swali, "Si haiwezi kusimama na upande mmoja?"

Halafu akaomba kusoma jina. Aliomba yeye. Akaanza M-o-u-n-t, akaenda polepole, akakwama kwa Gelai. Hata mimi ningekwama hapo.

Nikirudi nyumbani sikulala, nikaanza kusoma kuhusu makumbusho ambayo watoto wanaruhusiwa kugusa. Ya kwanza ya watoto duniani ilifunguliwa Brooklyn, Marekani, mwaka wa 1899, mwaka ule ule reli ilifika hapa Nairobi. Lakini jamaa aliyenishika ni Michael Spock. Alichukua uongozi wa makumbusho ya watoto ya Boston mwaka wa 1962, akatoa vitu kwa kabati za vioo ili watoto washike. Na huyu Spock mwenyewe alikuwa na disleksia. Kusoma kulimtesa akiwa mtoto. Nilisoma hiyo sentensi mara tatu nikaitumia sista saa saba usiku. Akajibu na alama moja ya kuuliza, halafu dakika kumi baadaye akanipigia.

Sisemi Junia ana disleksia. Mimi si daktari, na wasee wa mtandao wanapenda sana kupeana magonjwa. Ninachosema ni kwamba mtoto anayejua upande wa pili wa injini upo bila kuuona si mzito, na kumrudisha darasa bila mtu yeyote kuchunguza kwa nini herufi zinamkataa ni uvivu. Apimwe kwanza na anayejua kupima.

Sista naye ana pointi, na nitaisema kwa sababu ni ya haki. Aliniambia, "KPSEA haitauliza magurudumu." Kweli. Junia lazima asome, na hakuna injini itamsomea. Guka mwenyewe alikuwa anafanya mitihani ya reli ili apande cheo, na alikuwa anasoma vitabu vya sheria za treni na mshumaa. Alituambia hiyo pia, tukiwa njiani kwa matatu, akiangalia nje kwa dirisha. Alisema alikuwa anasoma haraka kile alichokuwa amekigusa mchana, na kile hakugusa kilimlaza.

Junia amechora 5918 nyuma ya daftari la hisabati, magurudumu yote yakiwa mahali pake, na chini ameandika MOUNT GELAI bila kunakili popote. Jumatano wanaenda kuonana na mwalimu. Sista ameniomba niende nao. Guka amesema naye anakuja, na ameshaanza kuuliza koti lake liko wapi.