Robo ya Juu, Upande wa Nje

Mjukuu wangu anasomea uuguzi hapa Butembo. Juzi alimwona jirani yetu akipita akiburuta mguu, akaniambia, "Babu, polio ile." Polio gani! Ule ni mguu wa sindano ya kwinini.

Zamani zetu ukishikwa na malaria, unajua ni kwinini, na ukisikia kwinini unashika tako. Muganga wa dispansari ya kwetu alichemsha mabomba ya kioo ndani ya sufuria, juu ya mbabula, na harufu ya spiriti ilitufikia tukiwa bado kwenye foleni uani. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekwisha kukatazwa, basi tuseme 1972 au 1973, haidhuru; yeye aliendelea kutuita kwa ya ubatizo, kwa sauti ya chini. Alikulaza kifudifudi kwenye benchi, akachovya pamba katika ayodini, akakuchora msalaba takoni: mstari wa kushuka, mstari wa kukata. Halafu akazitaja robo moja moja, kama mzee anayewagawia warithi shamba, ndipo akachoma ile ya juu, upande wa nje. Mama akimhimiza, alimjibu bila kugeuka: huku kwingine inapita neva yenye unene wa kidole, inashuka hadi mguuni, dawa hii ikiigusa, mtoto hatainua tena wayo.

Jirani yetu alichomwa kwingine, na mtu mwenye haraka.

Miaka ya vita naipita. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Ebola ilipotoka Mangina 2018 ikatufikia, kwenye vizuizi vya barabara ya Beni tulielekezewa kipimajoto pajini mwa uso, na chanjo ikachomwa begani. Hapo mjukuu ni hodari: vidole viwili vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Mtoto mchanga humchoma pajani, mbele kuelekea nje, mbali na neva kubwa.

Ila siku hizi kila kona ina duka la dawa, na nyuma ya pazia kuna kijana anayechoma popote penye nyama. Mjukuu ananiambia tako la mtoto limeachwa siku nyingi, vitabu vimekwisha kusema. Nimemwambia avuke barabara akamsomee yule kijana.