Siku Niliyocheka na Kulia kwa Watoto Wangu

Akina mama wenzangu, mimi nakaa Chiwanda, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbinga. Kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa, na kulima mihogo. Elimu yangu ni darasa la saba. Sikudhani kwamba siku moja ningeandika habari za nyaya na mitambo. Lakini yaliyotokea nyumbani kwangu mwaka 2023 yamenifundisha jambo ambalo ningependa wazazi wengine walijue mapema kuliko nilivyolijua mimi.

Mwaka 2001 nilijifungua mapacha, wa kiume na wa kike. Walianza shule siku moja, wakakaa dawati moja. Nyumbani, hata hivyo, hawakuwa sawa, na kosa hilo ni langu. Jioni kijana alipewa taa na meza. Binti alipewa ndoo, kuni na sufuria. Alipomaliza kuosha vyombo, mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha. Mama mkwe wangu alikuwa akisema, "Huyu wa kike ataolewa, huyu wa kiume ndiye atakayetutunza," nami sikubisha.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwanzoni mwa mwaka 2019, kijana alikuwa amefaulu hisabati na fizikia. Binti alikuwa amefeli hisabati. Majirani walisema si mtu wa vitabu. Mimi nilinyamaza, ingawa nilijua vizuri ni saa ngapi nilizompa za kusoma.

Umeme nao una masikio

Kijana alikwenda VETA Songea kusomea umeme. Wakati huo mji wa Songea ulikuwa umeingia katika Gridi ya Taifa, kwa njia ya msongo wa kilovoti 220 iliyokamilika mwaka 2018 kutoka Makambako, karibu kilomita 250. Aliporudi likizo alitusimulia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Alisema umeme hausafiri peke yake. Wanaoongoza gridi wako mbali sana, lakini lazima wajue kila dakika mambo yalivyo katika kila kituo cha kupoozea umeme. Kwa hiyo kuna mitambo ya mawasiliano inayopeleka habari: redio, simu za ndani, na nyuzi nyembamba za kioo. Nyuzi hizo mara nyingi hupitishwa ndani ya waya ule wa juu kabisa wa minara, ambao kazi yake nyingine ni kukinga njia dhidi ya radi. Hata Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, sehemu yake hutumia nyuzi zilizomo katika waya za TANESCO.

"Na mawasiliano yakikatika?" dada yake akamwuliza.

"Umeme unaweza kuendelea kuwaka, lakini wanaouongoza wanakuwa kama vipofu. Ikitokea hitilafu, swichi za upande huu na za upande ule hazijulishani upesi."

Mimi nilimwelewa kwa mfano wa ziwa letu. Wavuvi wa usiku hupigiana miluzi na kuonyeshana taa. Upande mmoja ukivuta wavu bila kusikia upande wa pili, dagaa wote huponyoka na huenda mtumbwi ukapinduka. Binti yangu yeye alikwenda mbali zaidi. Usiku ule alinifuata jikoni akaniambia, "Mama, kazi hiyo ndiyo ninayoitaka. Nataka kurudia hisabati."

Hapo niliona haya. Niliongea na mume wangu, naye, nashukuru, hakuona ugumu. Kuni akaanza kuleta yeye mwenyewe. Vyombo vya jioni nikaosha mimi. Binti akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sikujua mambo ya darasani, lakini uwiano naujua, kwa maana kila siku nahesabu debe ngapi za dagaa wabichi hutoa debe moja la wakavu. Tukawa tunakokotoa pamoja, mimi kwa dagaa, yeye kwa kalamu. Safari hii alipata C. Mwaka 2020 naye akaingia chuoni kusomea umeme kama kaka yake.

Kitabu cha madoadoa

Mwaka 2023 likatoka tangazo la nafasi za wanagenzi wa kutunza mitambo ya mawasiliano ya umeme. Walitakiwa wenye cheti cha ufundi na ufaulu wa hisabati, fizikia na Kiingereza. Mapacha wangu wote wawili waliomba, na wote wawili wakaitwa.

Walifanya mtihani wa kuandika. Kati ya maswali ambayo binti alinisimulia, moja lilihusu betri, kwa sababu mitambo hiyo haipaswi kuzimika hata umeme wenyewe ukikatika. Mingi hutumia volti 48, yaani betri 24 za volti 2 zilizofungwa kwa mfuatano. Je, moja ikifa, mengine yatakuwaje? Kisha walipewa mita na kifaa kibovu, watafute ubovu uko wapi. Wakapandishwa ngazi ndefu kuona kama wanaogopa. Kijana aliongoza katika mengi ya hayo.

Mwisho ukawa upimaji wa macho. Mpimaji alifungua kitabu chenye kurasa za madoadoa ya rangi, ambacho asili yake ni kazi ya daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, iliyotolewa kwanza mwaka 1917. Mwenye macho ya kawaida huona tarakimu katikati ya madoa. Binti alizisoma zote. Kijana alipofungua ukurasa wa pili akasema, "Hapa hamna kitu." Na wa tatu vilevile. Alidhani wanamtania.

Rangi katika kazi hiyo si mapambo. Uzi mmoja wa kioo, pamoja na ganda lake, una unene wa robo ya milimita tu, na nyuzi hutambuliwa kwa rangi. Katika utaratibu unaotumika sana zinafuatana kumi na mbili: bluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi na bluu ya maji. Fundi akiunga wa kijani mahali pa kahawia, habari za kituo kimoja huenda kusikotakiwa, au hazifiki kabisa.

Jioni simu ikalia. Binti alinong'ona, "Mama, nimepita." Kisha akanyamaza. "Mwenzangu hakupita." Hakushangilia mbele ya kaka yake. Mimi nilicheka na kulia kwa pumzi moja, nikiwa nimesimama kwenye uchanja wa dagaa.

Nilichoambiwa na daktari

Niliongozana na kijana kwenda hospitali, nikitumaini kuna dawa au miwani. Daktari alitueleza kwa upole kwamba upofu wa rangi wa namna hiyo ni wa kuzaliwa nao na hauna tiba. Huwapata wanaume zaidi sana kuliko wanawake. Akaniambia, "Mama, mwanao ameurithi kupitia kwako, ingawa macho yako wewe ni mazima. Kila mtoto wa kiume wa mama mwenye urithi huo ana nafasi moja kati ya mbili za kuupata. Si kosa la mtu."

Nikamkumbuka marehemu baba yangu mzazi. Alikuwa mvuvi hodari, lakini hakuweza kuchagua embe lililoiva. Alituuliza sisi watoto, nasi tulimcheka. Nikakumbuka pia kwamba mwanangu aliwahi kuchapwa shuleni kwa kupaka majani ya mti rangi ya kahawia. Na mimi mwenyewe, nilipomtuma nyanya zilizoiva akaleta mbichi, nilimwita mzembe. Kumbe mtoto alikuwa akisema kweli ya macho yake.

Sitawaficha, kijana aliumia. Kwa miezi miwili hakutaka hata kugusa waya. Watu walisema dada yake amemchukulia bahati. Tuliwakatalia, maana nafasi ile haikuwa ya mmoja wao kabla ya kupimwa. Baadaye alijiunga na fundi wa injini za boti pale Mbamba Bay, kazi ambayo mkono na sikio ndivyo vinavyotangulia. Binti alipopata posho yake ya kwanza alimnunulia kaka yake seti ya spana. Aliipokea, ila alitoka nje kwanza. Jeraha linapona, lakini halijapona lote.

Akina mama wenzangu, nimejifunza mambo mawili. La kwanza, ile taa ya mezani ilikuwa ya watoto wote wawili. Niliweka matumaini yote kwa mmoja, nikakaribia kumnyima mwingine yale aliyoyaweza. La pili, mtoto anayekosea rangi tusimwite mzembe. Tumpeleke akapimwe mapema, kabla hajatumia miaka na ada kwa fani ambayo macho yake hayatamruhusu.

Waliolala katika tumbo moja hawakupewa macho yaleyale. Ningeulizia hilo mapema, kijana wangu angelia kidogo zaidi ya alivyolia.