Shamba Si Ploti

Wasee, tuongee ukweli. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi. Sawa. Lakini huku kwetu Kajiado bei ya ekari inapangwa na mabroka wa ploti, si nyasi wala ng'ombe. Ukitoza malisho kama ploti ya gorofa, mwenyewe atauza tu, na pundamilia wa Kitengela wapate seng'enge.

Texas, Marekani, walipiga kura 1995: shamba la kilimo likigeuzwa la kutunza wanyamapori, kodi inabaki ya mkulima, mradi mwenyewe afanye angalau kazi 3 kati ya 7, kama kuwapa maji. Mbona sisi tusijaribu? Babu yangu hajauza. Msimfukuze na bili.