Kipya Kinyemi, Lakini...

Msomaji mpenzi, majuzi nilisimama dukani Luthuli Avenue, katikati ya jiji la Nairobi, nikiimezea mate amplifaya inayovuta muziki kutoka intaneti. Pesa nilikuwa nazo. Nikauliza: na santuri za marehemu baba je? Muuzaji akaigeuza, tundu la gramafoni halikuwepo. Nikapanda matatu ya Kangemi mikono mitupu.

Jioni hiyo Daudi Kabaka aliimba katika amplifaya yetu kuukuu. Mama akaacha kuchambua sukumawiki, akasikiliza kana kwamba baba amebisha hodi.

Fundi wa mtaani anasema kijisanduku cha intaneti chaweza kuunganishwa na hiyo hiyo, watoto nao wapate nyimbo zao. Kipya kinyemi, msomaji, lakini kabla hujalipa, tazama kwanza mgongo wa chombo.