Gia Iliyoondolewa

Nina kosa la kukiri, na mfano wa kulieleza nimeupata ndani ya giaboksi ya gari la kale.

Mwaka 1907 kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza ilijipatia sifa kubwa kwa gari lake la 40/50, ambalo dunia inalifahamu kwa jina la Silver Ghost. Giaboksi yake ilikuwa na gia nne, ya nne ikiwa ya mwendo kasi. Mwaka 1909 wahandisi waliibadilisha, wakaweka ya gia tatu. Kwa matajiri wa zama hizo, gari zuri lilikuwa lile linalokwenda kimya, lisilomlazimu dereva kubadili gia kila mara. Mwaka 1911 gari la namna hiyo lilitoka London hadi Edinburgh na kurudi, takriban kilomita 1,300, likiwa katika gia ya juu tu. Nani angethubutu kusema kuna kilichopungua?

Mlima ulisema. Mwaka 1912 James Radley aliingiza gari lake katika mashindano ya milima ya Alps huko Austria. Kwenye mwinuko mkali wa Katschberg, gari lilikwama. Injini haikuwa mbovu. Gia ya nguvu huiacha injini izunguke mara nyingi huku gurudumu likizunguka kidogo, na hapo ndipo uwezo wa kupanda hupatikana. Gia ya kwanza ya gari lile haikutosha kwa mwinuko ule.

Kampuni haikuulaumu mlima. Mwaka 1913 ilipeleka Alps magari yenye gia nne, ya kwanza ikiwa ya kupandia hasa, nayo yakang'ara.

Sasa kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaala. Wanafunzi walilalamika kwamba utafiti wa mwaka wa tatu, uliomtaka kila mmoja aende uwandani na kuandika ripoti peke yake, ulikuwa mzigo. Nasi wahadhiri tulikuwa tumechoka kuzisahihisha ripoti hizo. Nilinyoosha mkono, utafiti ukaondolewa. Ufaulu ukapanda, mahafali yakapendeza. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yetu ya Edinburgh.

Kisha mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ofisa katika halmashauri moja, akanipigia simu usiku. "Shikamoo, mwalimu. Nimeagizwa niandike taarifa ya kwa nini visima vya kata moja vinakauka. Sijui nianzie wapi."

Nilimsaidia hadi usiku wa manane. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa amefika mlimani bila gia ambayo mimi nilipiga kura iondolewe. Na kule katani, walioshinda na ndoo tupu hawakuwahi kuulizwa lolote na kamati yetu.

Ndugu msomaji, kama una kiti katika kamati yoyote, kumbuka kwamba malalamiko ya tambarare hufika mezani mapema. Ya mlimani huchelewa, na mara nyingi hufika kwa simu ya usiku.

Katika kikao kijacho cha mtaala nitaomba utafiti ule urejeshwe. Nitaanza kwa kusema kwamba mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyouondoa.