Kwenda Nairobi kwa Garimoshi na Matatu

Mkulima mmoja wa upande wa Voi aliandikiwa barua ya kwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, naye alitakiwa kuwa mlangoni asubuhi na mapema. Hakupata kuuona mji huo hata siku moja. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa za kwenda na kurudi, na akiba kidogo ya chakula. Akipotea njia mara mbili tu, nauli ya kurudia nyumbani isingetosha.

Kufika kwenyewe si kazi kubwa. Reli mpya ya kutoka Mombasa ilifunguliwa mwaka 2017, na garimoshi lisimamalo vituo vya njiani hupita Voi. Tikiti hulipiwa kwa simu. Msafiri hana budi kuwa na kitambulisho, tena afike stesheni mapema, kwa maana mizigo hupangwa chini na kunuswa na mbwa wa polisi kabla ya watu kuruhusiwa kuingia.

Jambo liwashangazalo wageni ni kwamba garimoshi hilo halifiki mjini. Hukoma upande wa Syokimau, na hapo wengi hukimbilia teksi na kutoa fedha nyingi, hali liko garimoshi jingine liwachukualo abiria kwa nauli ndogo hadi stesheni ya zamani. Mkulima alikuwa amekwisha kuonywa, akalipanda hilo. Stesheni hiyo ya zamani ndiyo asili ya mji: reli ya kwanza ilifika hapo mwaka 1899, mahali ambapo Wamasai walipaita kwa jina la maji baridi, na nyumba zikaifuata reli.

Akivuka barabara ya Haile Selassie mgeni hukutana na matatu, na hapo ndipo safari hasa huanza. Jina hilo latokana na mapeni matatu ya senti kumi kumi, nauli ya siku za kwanza. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kuchukua abiria pasipo leseni maalumu, na mwaka 2004 sheria za Waziri John Michuki zikayaletea mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni. Kila njia ina nambari yake: 46 ni Kawangware, 111 ni Ngong, 125 ni Ongata Rongai, 237 ni Thika. Lakini nambari haimwambii mtu gari linasimama wapi mjini, na kibao cha kueleza ni nadra kukiona. Hana budi kuuliza, na kuuliza nako kuna ustadi.

Asimwulize manamba aitaye abiria, kwa kuwa huyo hulipwa kwa kujaza gari, na kwake kila gari hupita pale mgeni atakapo. Heri askari wa mlangoni, au muuza magazeti, ambao hukaa mahali pamoja kutwa. Tena aulize kwa jina la mahali, si la barabara. Mwenyeji husema Kencom, Ambassadeur au Odeon, na hiyo Odeon yenyewe ilikuwa sinema zamani.

Mpwa wa mkulima alikaa Ngong, na gari la 111 hufuata barabara ya Ngong ipitayo karibu na hospitali. Njia ilikuwa moja, basi, ila saa ilikuwa mbaya. Mvua ilianza kunyesha jioni, na nauli ikapanda papo hapo. Hili ni jambo la kulaumiwa, maana anayeumia ni yule aliyehesabu senti zake nyumbani. Gari la kwanza lilionekana limejaa, likisemekana kuondoka sasa hivi. Kumbe baadhi ya waliokaa walilipwa wakalie viti ili kuwavuta wengine, nao wakashuka mmoja mmoja. Mkulima alisimama chini ya paa la duka karibu saa mbili, tenga lake miguuni, hata mvua ikapungua na nauli ikashuka. Kila gari alimwuliza makanga bei kabla ya kukanyaga ngazi.

Asubuhi, katika gari la kurudi upande wa mjini, alitoa noti kubwa, na makanga akaitia mfukoni kimya.

“Mwanangu, na chenji yangu?”

“Utapata, mzee. Tulia.”

Aliuliza mara tatu, na abiria mmoja mwanamke akamsaidia kuuliza mara ya nne. Gari liliposimama karibu na hospitali, makanga alishuka kwanza akiwa na tenga mkononi, akamhesabia mzee fedha zake zote, akamwonyesha njia ya kuingilia. Kisha akalirukia gari likiwa limekwisha kuondoka.