Nilifuata dawa ya mawazo Tanga, siyo limbwata

Safari hii kalamu imetua Tanga, na kabla hujaanza kucheka niseme mapema: sikufuata limbwata. Najua mji huu unavyosemwa, kwamba kuingia ni nauli yako, kutoka ni majaliwa. Hayo tuwaachie wenye visa vyao. Mimi nilifuata dawa ya mawazo.

Kwani nani mjini hapa hana mawazo? Kodi ya chumba ya miezi sita, ajira za kuunga unga, na simu ikilia moyo unaruka kwa sababu unajua ni wale wa mikopo. Kila kijiwe cha Dar kina daktari wake. Huyu anakwambia kunywa hiki, yule anakwambia chemsha kile, na ukiuliza kinatoka wapi, jibu mara nyingi ni moja: Tanga, mwanangu.

Basi likishafika Segera unakata kulia, Muheza wanakugongea dirisha na machungwa, na ukishuka stendi ya Kange joto la pwani linakupokea kama ndugu yako. Nikafikia Makorora kwa mama mdogo. Kesho yake asubuhi, sokoni Mgandini.

Usishangae Tanga kuwa na dawa nyingi. Nyuma ya mji imesimama milima ya Usambara, kwenye iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Kule juu Amani, mwaka 1902, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wakapanda miti ya kila pembe ya dunia, hata ule wa kwinini. Changanya hayo na ujuzi wa Wasambaa, Wabondei, Wadigo na Wazigua, ongeza habasoda na ubani vilivyoletwa kwa bahari, ndiyo unapata meza ya bibi niliyemkuta pale sokoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wasumbuliwa na nini?"

"Mawazo, bibi. Usingizi hauji."

"Ya mapenzi au ya pesa?"

Nikamwambia ya pesa. Akasema afadhali, maana ya mapenzi humaliza hata hizo pesa.

Akanifungia mchaichai, kishada cha mrehani na majani ya kivumbasi. Mchaichai wa kuchemsha na tangawizi, unywe baada ya Isha. Kivumbasi cha nyungu: unachemsha chungu, unajifunika shuka na kuvuta mvuke (waliosahau nyungu wakumbuke mwaka 2020, nchi nzima ilikuwa chini ya blanketi). Mrehani niuweke tu chumbani uninukie. Nikamwonyesha kungumanga, nikauliza kama na yeye analeta usingizi. Bibi akanikazia macho. Kidogo kwenye uji, sawa, alisema, lakini ukizidisha unalewa. Na kweli msomaji, usilifanyie mchezo tunda lile. Likizidi linaleta kichefuchefu, maruweruwe na moyo kwenda mbio, yaani unatafuta utulivu unapewa kiwewe.

Usiku ule tulikaa uani, mama mdogo, jirani wawili, mimi na sufuria ya mchaichai. Umeme ulikatika. Hadithi za mkonge zikaanza, enzi mashamba yalipokuwa yanalisha mji mzima, zikaja za ndoa za watu, mpaka saa tano sijashika simu. Nililala fofofo.

Sasa hapa nikuchokoze kidogo. Kule Brazil mchaichai ni dawa ya mawazo vilevile kama kwetu, na mwaka 1986 watafiti wa huko walitoa matokeo ya kuupima. Waliwanywesha watu chai ya mchaichai na chai ya kuzuga, wakapima usingizi na wasiwasi. Tofauti hawakuiona. Nikarudi kwa bibi na habari hiyo, nikidhani nimemshika pabaya.

Akaendelea kupanga mafungu yake. "Hao walikunywa na nani?"

"Sijui, bibi. Hospitalini huko."

"Basi."

Nimelizungusha hilo neno kichwani siku nzima. Mimi naona bibi kashinda. Lakini kashinda kwenye mawazo ya kawaida, haya ya kodi na mkopo. Kuna mengine hayamalizwi na sufuria uani, na hilo nilisimuliwa na mtoto wa mama mdogo. Tumwite Mwana, kama walivyomzoea mtaani. Ana miaka 24, anauza mitumba Ngamiani.

Mwezi mmoja kabla sijafika, Mwana alikuwa halali. Moyo unamwenda mbio akiwa amekaa, mikono inatoka jasho, akipanda ngazi anashika ukuta. Mtaa ukaamua ni mawazo, mchumba si alikuwa kakata mawasiliano? Rafiki akampa vidonge vyake vya usingizi. Muuzaji mmoja wa kupita nyumba kwa nyumba akamuuzia maji ya mizizi kwenye chupa iliyotumika ya maji ya kunywa, haina karatasi, haina jina. Kikombe asubuhi, kikombe usiku. Mwana akachanganya vyote viwili.

Alilala Magharibi, na mpaka adhuhuri ya kesho yake hawajaweza kumwamsha. Wakimuinua anapinda kama kanga iliyolowa. Mama mdogo alimbeba na bajaji mpaka hospitali akiwa hajavaa hata viatu. Swali la kwanza la daktari lilikuwa, amekunywa nini? Mama mdogo akatoa ile chupa. Daktari akainusa, akaitikisa, akairudisha mezani. Ndani yake kulikuwa na nini, hakuna aliyejua.

Msitudharau mizizi, vijana. Ule mmea wa Kihindi uitwao Rauvolfia serpentina ulitoa dawa kali, reserpine, iliyochujwa mwaka 1952 na kutumika duniani kote kushusha presha na kutuliza wagonjwa wa akili. Ikizidi, presha inaporomoka na mtu anazama kwenye huzuni. Ndugu zake mmea huo wanaota hapahapa pwani na Usambara. Kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kulaza mtu moja kwa moja, na ukikichanganya na vidonge hesabu inakuwa nyingine.

Mwana aliamka, alhamdulillahi. Lakini kipimo cha damu ndicho kilichowaacha midomo wazi: 7, wakati kwa mwanamke inatakiwa ifike 12. Ule moyo wa mbio ulikuwa na sababu yake, na mchumba hakuwa peke yake kwenye lawama.

Nilikwenda Pangani siku ya tatu, zaidi kwa ajili ya kuangalia mto unavyoingia baharini, lakini mji ule nao una somo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa hauna dawa, madaktari wa hospitali ya wilaya pale hawakuwafukuza waganga. Walikaa nao, wakaangalia mitishamba gani inarudisha hamu ya kula na gani inatuliza mkanda wa jeshi. Kazi ile ikazaa asasi ya TAWG, iliyofanya kazi zake kutoka hospitali ya Bombo pale Tanga mjini. Mganga anajulikana, mti unajulikana, na daktari anajua mgonjwa wake anakunywa nini. Nchi nayo ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayotaka waganga wasajiliwe. Muulize muuzaji wako cheti. Akikasirika, umeshajibiwa.

Turudi Makorora. Mwana anameza vidonge vya madini ya chuma, na chai ya rangi kaambiwa asiinywe na chakula kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Mchaichai wake wa usiku hajanyimwa, na daktari kaambiwa anaunywa. Mawazo ya mchumba bado yapo, nilimsikia akiyasimulia uani huku akipepea mkaa, ila ngazi anapanda bila kushika ukuta.

Ile chupa mama mdogo hajaitupa. Kaifunga kwenye mfuko, kaiweka juu ya kabati, mbali na watoto. Anasema yule muuzaji akikatiza tena mtaani kwao, atamwekea kiti, atamtolea kikombe, anywe yeye kwanza.